Usimwanike Aliyekuja Kujisitiri

Picha zinazofika kwenye dawati la mhariri kutoka kambi ya Kakuma, zikiambatana na habari za wakimbizi wapenzi wa jinsia moja, hufanana mno. Kibanda cha mabati. Kijana ameketi juu ya dumu la njano, uso umefifishwa kwa kompyuta hadi hautambuliki. Mhariri huitazama mara moja, akaridhika kwamba amemlinda mtu wake, akaipeleka mitamboni. Lakini fulana ya kijana haikufifishwa, wala ndala zake, wala kovu lililo juu ya kiwiko. Nyuma yake kuna bomba la maji lenye namba iliyopakwa rangi nyeupe. Maelezo chini ya picha yanataja eneo la kambi, nchi aliyotoka, umri wake na mwezi aliofika. Msomaji wa Nairobi au Mwanza haoni mtu hapo. Jirani wa bloku ya pili amekwisha kumjua kabla hajamaliza kusoma kichwa cha habari.

Nasi tumewahi kuchapisha picha ya namna hiyo. Tunalisema mwanzoni ili mwandishi mwenzetu asidhani tunamnyooshea kidole kutoka mahali palipo safi.

Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kaskazini magharibi mwa Kenya, katika nchi kavu ya Waturkana, kuwapokea vijana waliotembea kwa miguu kutoka vita vya Sudan. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyoongezwa mwaka 2016, ina watu zaidi ya 200,000. Miongoni mwao wamo mia kadhaa waliokimbia Uganda, Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko kwa sababu ya wanayempenda, au kwa sababu jinsia waliyozaliwa nayo siyo wanayoishi nayo. Kenya imejulikana kuwa ndiyo nchi pekee katika eneo letu inayowapokea watu wa aina hii kwa sababu hiyo hasa. Inafanya hivyo huku vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu vikiwa bado vinaadhibu mapenzi ya jinsia moja, adhabu ya juu ikiwa miaka 14. Basi mtu huyu yumo ndani ya hifadhi na papo hapo yumo ndani ya hatari, na kinachomwinamisha upande mmoja au mwingine, mara nyingi, ni kile ambacho majirani wamesoma au kusikia juu yake asubuhi hiyo. Uchache wao hautupunguzii wajibu. Ndio unaofanya kosa dogo la uhariri limfikie mtu mlangoni kwake.

Kuna jambo ambalo vyumba vya habari vya Afrika Mashariki havipendi kukumbushwa: wako wakimbizi walioanza ukimbizi wao kwenye ukurasa wa mbele wa gazeti. Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lililojiita Rolling Stone, lisilo na uhusiano wowote na jarida la Marekani lenye jina hilo, lilichapisha majina na picha za watu liliodai kuwa ni mashoga, likataja na makazi ya baadhi yao, likataka wanyongwe. Watatu kati yao, Kasha Jacqueline Nabagesera, David Kato na Pepe Julian Onziema, walikwenda Mahakama Kuu. Mahakama iliona kwamba heshima na faragha zao zimevunjwa. Ikalizuia gazeti kuendelea, na ikaamuru kila mmoja alipwe shilingi milioni 1.5 za Uganda. Wiki chache baadaye, tarehe 26 Januari 2011, Kato alipigwa nyundo nyumbani kwake Mukono, akafa. Mtu mmoja alipatikana na hatia, akafungwa miaka 30. Hatudai kwamba gazeti ndilo lililoishika nyundo. Tunasema kwamba Kato, mwalimu aliyewahi kuishi Afrika Kusini na akarudi kwao mwaka 1998 kwa hiari yake, aliishi miezi yake ya mwisho sura yake ikiwa imeuzwa barabarani pamoja na wito wa kumnyonga, na kwamba aliyeandika wito ule alikuwa mtu wa taaluma yetu.

Kisha ukaja mwaka 2014. Rais Museveni alitia saini sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja tarehe 24 Februari. Kesho yake gazeti la Red Pepper likatoa orodha ya watu 200. Mahakama ya Katiba iliifuta sheria ile tarehe 1 Agosti mwaka huohuo kwa kuwa akidi ya wabunge haikutimia. Orodha haikufutwa, maana hakuna mahakama inayoweza kuifuta. Ilikuwa imekwisha kununuliwa, ikasomwa vibarazani, ikakunjwa na kuwekwa chini ya godoro. Wenye nyumba walikuwa wamekwisha kuwafukuza wapangaji, waajiri wamekwisha kuwaachisha watu kazi, akina mama wamekwisha kuulizwa kanisani. Ndipo watu wakaanza kuvuka Busia na Malaba kwa mabasi, na wengine miongoni mwao wakaishia Kakuma.

Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Mwandishi anayeshuka garini kambini na kamera begani, akamwambia mkimbizi kwa upole, «tuambie kisa chako», anapaswa kujua kwamba anaonekana ung'ong'o, na kwamba mwenzake ana sababu.

Tumezoea kuuliza magazeti na redio zinasema nini juu ya watu hawa. Mara chache tumeuliza wao wanafanya nini baada ya kusoma. Wanafanya mengi. Wako wanaosoma habari zetu kama nahodha anavyoitazama mbingu kabla ya kutweka tanga. Siku redio imepiga kelele juu ya ushoga, siku mbunge au mhubiri ametoa kauli na sisi tumeiweka kwenye herufi kubwa, siku hiyo mtu haendi kuchota maji jioni, haendi zahanati, haketi kwenye kibanda cha kuchajia simu ambako vijana hukusanyika. Huyo hatuandikii barua ya msomaji. Jibu lake kwa habari yetu ni ndoo iliyobaki tupu hadi kesho.

Wako waliojifunza kisa kinachotakiwa. Wageni wenye kamera huuliza maswali yaleyale: ulipigwa na nani, ulibakwa lini, nionyeshe kovu. Mtu aliyesimulia mara ya tano anajua kipi kitawekwa na kipi kitakatwa. Kwamba alikuwa fundi seremala hodari, kwamba anaimba kwaya, kwamba kinachomsumbua zaidi ni mgawo wa chakula uliopunguzwa kama unavyomsumbua kila jirani yake, hayo hukatwa. Kovu hubaki. Baada ya miaka kadhaa ya kutazamwa hivyo mtu huyaona maisha yake kwa jicho la kamera, na hilo ni dhara hata kama kila sentensi iliyochapwa ilikuwa kweli. Tena ukweli wenyewe huanza kutiliwa shaka. Simulizi zikifanana sana, ofisa wa hifadhi husema zimekaririwa. Ni sisi tuliozifundisha kufanana.

Na wako wanaoitaka kamera. Hili lisipitwe haraka, maana wahariri wema hupenda kudhani kwamba kumlinda mtu ni kumnyamazisha. Juni 2018 kundi la wakimbizi Kakuma lilitembea hadharani kambini, likiwa na bendera zake. Picha zikazunguka dunia, na vitisho vya kuuawa vikafuata. Walikuwa na hoja: anayejulikana Geneva na Toronto ni vigumu kumpoteza kimyakimya. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Machi 2021 bomu la petroli lilirushwa kwenye sehemu waliyolala baadhi ya wakimbizi hawa, na kijana wa miaka 22 kutoka Uganda akafa kwa majeraha ya moto mwezi uliofuata, hospitalini Nairobi. Hatusemi kwamba kujulikana ndiko kulikomuua. Tunasema kwamba anayechagua kuonekana anabeba gharama ambayo mwandishi aliyempiga picha haibebi, na ndiyo maana uamuzi lazima uwe wa mwenye sura.

Hapa ndipo neno ridhaa linapotumika vibaya kuliko neno jingine lolote katika kazi yetu. Mwandishi hutoa karatasi, mkimbizi hutia saini, jambo likahesabiwa limekwisha. Saini ile ilitolewa kwa ajili ya nini? Kijana amekubali kuhojiwa na televisheni ya Ulaya, kwa Kiingereza, akiambiwa itaonekana huko. Wiki haijaisha, tovuti ya Kampala au Nairobi imeichota habari ileile bila kumuuliza mtu, imeitafsiri, imeondoa maneno «mpenzi wa jinsia moja» na kuweka tusi, na kwa kuwa picha iliyofifishwa haivutii macho imeingia kwenye ukurasa wa Facebook wa kijana huyo ikatoa nyingine yenye sura kamili. Jioni kipande hicho kimo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, Masaka au Bukavu au Bujumbura. Mama aliyekuwa akiambiwa mwanawe yuko Kenya anatafuta maisha anapigiwa simu na shemeji. Mkimbizi hakukubali hilo. Hakuna aliyemwambia kwamba linawezekana, ingawa kila mmoja wetu aliyekaa chumba cha habari hata mwaka mmoja anajua ndivyo habari zinavyosafiri.

Lugha nayo ina deni lake. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha Mkongo, Mrundi na Mganda wa Kakuma, na ndicho kinachowafikia kutoka Nairobi na Dar es Salaam, na kutoka idhaa za ng'ambo kama ya Bonn. Kwa wanawake wa pwani, shoga ni rafiki wa kike: mtu wa siri, wa kusukana nywele na kuazimana kanga. Neno hilo la upendo limevutwa kwingine hadi limekuwa jiwe la kurushia watu, na magazeti ndiyo yamelitumia kwa wingi kwa sababu ni fupi na linaingia vizuri kwenye kichwa cha habari. Msenge na hanithi ni matusi. Hayana nafasi katika habari ila ndani ya alama za kunukuu, na hata humo pawe na sababu. Kwa Kiingereza mwandishi yuleyule hujichunga. Akigeukia Kiswahili huona amefika nyumbani, anaweza kusema lolote. Tunalikataa hilo. Lugha yetu ina «mpenzi wa jinsia moja», ina «mwanamume anayempenda mwanamume», ina «mtu aliyebadili jinsia». Waganda wenyewe wana neno lao, kuchu, walilojichagulia. Mwandishi akiwa hajui aandike nini, amuulize anayemwandika anajiitaje. Tunawauliza wabunge vyeo vyao kila siku.

Kisha kuna usahihi, ambao ndio wajibu wa kwanza tuliofundishwa. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba kuinyima usajili jumuiya inayotetea haki za watu hawa, kwa sababu tu ya jina na watu inaowatetea, ni kinyume cha haki ya kujumuika. Kesi ilikuwa na umri wa miaka kumi. Uamuzi haukugusa kifungu cha 162, ambacho Mahakama Kuu ilikuwa imekiacha kama kilivyo tarehe 24 Mei 2019. Lakini siku ile msomaji wa kawaida aliambiwa kwamba Mahakama ya Juu imehalalisha ushoga. Uongo huo ulizua hasira, maandamano na mahubiri. Tumfikirie mkimbizi aliyeusikia kwenye redio. Akiuamini, anaweza kwenda kituo cha polisi akaeleza waziwazi kwa nini alipigwa, akidhani sheria sasa iko upande wake. Asipouamini, bado lazima aishi na majirani waliouamini. Kwa watu wengi kosa la kisheria katika habari ni kosa la kusahihishwa kesho katika ukurasa wa pili. Kwake kesho hiyo inaweza kuwa imechelewa.

Na picha nyingine zinapozuiwa, iliyobaki ni ya polisi na hospitali. Filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyotokana na hadithi fupi ya mwandishi wa Uganda Monica Arac de Nyeko, ilipigwa marufuku Kenya Aprili 2018, wakati ikijiandaa kwenda tamasha la Cannes. Septemba mwaka huo mahakama iliiruhusu ionyeshwe kwa siku saba, na kumbi za Nairobi zikajaa. Inawaonyesha wasichana wawili wa mtaani wanaopendana, wanaocheka, wanaogombana na wazazi wao. Hatuna la kusema hapa juu ya ubora wake. Tunasema kwamba jamii isiyowaona watu hawa isipokuwa wakiwa maiti au watuhumiwa itawatendea kama maiti au watuhumiwa.

Wanaodhani tatizo ni letu peke yetu, na kwamba mtu akishapanda ndege kwenda Ulaya picha zimekwisha kumwachia, wamekosea. Anakutana na picha nyingine. Machi 2006 Uholanzi ilianza kuwataka wengi wanaotaka kuhamia huko, isipokuwa raia wa nchi kadhaa tajiri, wafanye mtihani kwenye balozi zake kabla ya kusafiri. Miongoni mwa vifaa vya kujiandaa ilikuwamo filamu iliyoonyesha wanaume wawili wakibusiana. Ujumbe wake ulikuwa bayana: huku kwetu hili lipo, wewe mgeni je, utalistahimili? Mgeni katika filamu ile ni mtu wa kupimwa chuki yake. Kwamba aliyeketi mbele ya skrini angeweza kuwa yeye mwenyewe mpenzi wa jinsia moja, aliyesafiri usiku kucha kuufikia ubalozi, hilo watengenezaji hawakulitia maanani. Hivyo ndivyo vyombo vingi vya Ulaya vimeendelea kuligawa jambo hili: wapenzi wa jinsia moja upande huu, wahamiaji upande ule, na aliye vyote viwili hana pa kuketi.

Tena anatakiwa afanane na picha ya televisheni ndipo aaminiwe. Julai 2010 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa hukumu njema, ikiwahusu mwanamume wa Iran na mwingine wa Kameruni, kwamba mkimbizi asirudishwe kwao kwa kuambiwa akaishi kwa kujificha. Ndani ya hukumu hiyohiyo Lord Rodger, akitoa mfano wa maisha ambayo mtu anapaswa kuwa huru kuyaishi, alitaja matamasha ya mwimbaji Kylie na vinywaji vya pombe vya rangirangi. Alikusudia wema. Lakini mvuvi wa Uvira hamjui Kylie, na ofisa aliyebeba picha hiyo kichwani humwona mvuvi yule kuwa mwongo. Agosti 2018 ilijulikana kwamba ofisa wa Austria alimkatalia hifadhi kijana wa Afghanistan mwenye miaka 18, akiandika kwamba mwendo wake, tabia yake na mavazi yake havionyeshi kuwa anapenda wanaume. Mahakama ya Haki ya Ulaya, Luxembourg, ilikuwa imekwisha kuamua tarehe 2 Desemba 2014 kwamba watu wasihukumiwe kwa dhana za jumla peke yake, na wasipimwe miili wala kuombwa video za faragha kama ushahidi. Januari 2018 ikakataza na vipimo vya kisaikolojia vya kubaini mtu anampenda nani. Ofisa yule hakuitoa dhana yake kwenye sheria. Aliitoa kulekule wanakoitoa watu wote, kwenye skrini. Wako basi wanaojifunza kuvaa picha hiyo: hereni, rangi, mwendo, bendera begani siku ya usaili. Na kwa kuwa picha ya maandamano ya Berlin huchukua dakika moja tu kufika Kigoma, vazi lililomsaidia kupata hifadhi linaweza kuivunja nyumba aliyoiacha.

Wahusika wenyewe hawakungoja sisi tujirekebishe. Kasha Nabagesera, aliyelishinda gazeti mahakamani, mwishoni mwa 2014 alitoa jarida lake mwenyewe, Bombastic, lililojaa simulizi za watu walioziandika kwa mikono yao, wengine kwa majina ya kubuni. Nakala 15,000 zilichapwa na kugawiwa bure mitaani Uganda. Kakuma kwenyewe wakimbizi walianzisha gazeti lao, Kanere, Desemba 2008. Kinachoonekana kwa yeyote atakayelinganisha kurasa hizo na zetu ni kwamba kwao mtu huwa na kazi, mizaha, imani, hasira na mpenzi aliyemkosea. Kwetu huwa na jeraha na umri.

Tutaambiwa kwamba dini na mila za wasomaji wetu hazikubali mapenzi haya. Tunawajua wasomaji wetu. Wengi wetu tunasali nao. Tahariri hii haimtaki mtu abadili anachoamini. Lakini pwani hii ina neno sitara, na watu wake wamefundishwa tangu chuoni kwamba anayemsitiri mwenzake naye husitiriwa. Hatusemi kwamba maisha ya watu hawa ni aibu ya kufunikwa. Tunasema kwamba hata anayeyaona hivyo hakupewa ruhusa na imani yake kumwanika mtu sokoni. Ukarimu nao una sheria yake kwetu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hakuna mila ya Waswahili, Wabantu wa bara au Waturkana inayosema mgeni apokewe kisha atangaziwe adui zake mahali alipolala.

Tutaambiwa pia kwamba sheria inatubana. Kwa wenzetu wa Uganda ni kweli. Sheria yao ya 2023, iliyotiwa saini Mei mwaka huo na kuachwa ilivyo kwa sehemu kubwa na Mahakama ya Katiba tarehe 3 Aprili 2024, inaadhibu «kukuza» mapenzi ya jinsia moja kwa kifungo cha hadi miaka 20, na habari ya haki tu inaweza kuitwa ukuzaji. Hatuwezi kumwamuru mwandishi wa Kampala ajitoe mhanga tukiwa tumeketi salama. Lakini hakuna sheria, hata ile, inayomlazimisha kutaja jina, nyumba na sura. Kwa Kenya hali ni kinyume kabisa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa faragha kila mtu, hakikusema kila raia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja mwelekeo wa mapenzi wa mtu miongoni mwa taarifa nyeti. Mhariri anayechapisha taarifa hiyo bila ridhaa ya mwenyewe asijifiche nyuma ya maslahi ya umma. Umma una maslahi ya kujua kama polisi walimkataa aliyepigwa, kama mgawo ulimfikia, kama faili lake limekaa miaka mingapi mezani. Hauna maslahi yoyote ya kujua amelala bloku gani.

Kuanzia toleo hili, habari yoyote inayomhusu mkimbizi wa aina hii haitapita kwetu kabla mhariri wa zamu hajajibu kwa maandishi: nani amekubali, amekubali nini, kwa lugha ipi, na ameambiwa kwamba habari itasafiri hadi kwao? Picha itaonyeshwa kwanza kwa mtu anayeifahamu kambi, aseme anaona nini tusichokiona sisi. Mkimbizi akibadili mawazo baada ya habari kuchapwa, tutaiondoa mtandaoni siku hiyohiyo bila kumdai sababu. Matusi hayatapita. Hukumu ya mahakama haitaandikiwa kichwa cha habari na mtu ambaye hajaisoma.

Lipo na la nyuma, na hili tunawaomba wahariri wote wa Kiswahili walifanye pamoja nasi. Fungueni kumbukumbu zenu za picha. Tafuteni Kakuma, tafuteni Nairobi, tafuteni kila sura iliyopigwa chini ya neno shoga. Mnayeweza kumpata, mpigieni simu mumuulize. Msiyeweza kumpata, futeni picha yake leo, kabla mtu mwingine hajaichota.